Kuloba makobo juu ya maji: chonga chambo chako, kisha kiache kitulie

Lubumbashi mbao za paleti ziko kila kona. Mizigo ya migodi inafika juu yake, halafu zinavunjwa, nyingine zinakuwa kuni, nyingine viti vya baa. Ubao mmoja mkavu wa msonobari unatosha kuchongea vyambo vya kuelea vya msimu mzima, na vya kumgawia jirani. Mwongozo huu ni wa mtu mwenye ubao huo, kisu kikali, na hamu ya kumwona samaki akipasua maji mbele ya macho yake badala ya kukaa anangoja nailoni icheze.

Samaki tunayemtafuta ni makobo, yule yule anayeshushwa kutoka Kasenga, kwenye mto Luapula. Wataalamu wanamweka kwenye kundi la Serranochromis. Ni ndugu wa tilapia, lakini hana upole wa tilapia: mdomo wake ni mpana, anakula samaki wadogo, na anawinda kwa kuvizia pembeni ya matete. Wengi utakaowapata hawafiki kilo moja, ila wanapiga chambo kwa hasira isiyolingana na uzito wao.

Mbinu yenyewe imetoka kwa walobi, yaani wavuvi wa ndoano, wa Marekani wanaomtafuta samaki aitwaye bass. Bass mwenye mdomo mkubwa ni mwenyeji wa Amerika ya Kaskazini. Afrika aliletwa na watu, na leo yuko Kenya kwenye ziwa Naivasha, Zimbabwe na Afrika Kusini. Wanaomloba wanamchukulia kama dini. Rekodi ya dunia iliwekwa na George Perry mwaka 1932 katika jimbo la Georgia, kilo 10.09, ikakaa peke yake hadi 2009, Manabu Kurita alipotoa wa kilo 10.12 kwenye ziwa Biwa, Japani. Makobo hana udugu na bass, lakini wote wawili wana mdomo ule ule na wanavizia vile vile, ndiyo maana chambo kinachomdanganya mmoja kinamdanganya na mwingine.

Kabla hujashika kisu, elewa jambo moja, maana kila kipimo hapa chini kinatokana nalo. Chambo cha juu kinaita samaki kwa kelele, lakini samaki anauma pale kinapotulia. Kwa hiyo hatuchongi kitu cha kuvutwa. Tunachonga kitu kinachojua kukaa vizuri juu ya maji bila kufanya lolote.

Vitu vya kutafuta

Ubao uwe na unene wa sentimita mbili na nusu, usiwe na jicho la tawi wala ufa. Tafuta waya wa inox, chuma kisichoshika kutu, wa milimita moja. Waulize wachomeleaji wa vyuma, watakukatia mita moja kwa bei ya soda. Katika mji wetu waya ulio rahisi kupata ni wa shaba, lakini huo uache. Ni laini mno, na samaki mzito akijipinda mara mbili, kitanzi kinafunguka naye anaondoka na ndoano mdomoni. Risasi utaipata kwa kwado, fundi wa matairi: vile vipande vya kusawazishia magurudumu ya gari, vilivyotolewa na kutupwa kwenye kopo. Ukishaikata, nawa mikono kabla ya kula, na watoto wasiichezee.

Ongeza gundi ya Araldite ya mirija miwili, msasa mkali na msasa laini, verni ya mbao, na rangi ya kucha ya rangi mbili tatu. Ndoano ya matawi matatu iwe namba 4, pamoja na pete ndogo za chuma za aina ya zile za funguo. Manyoya machache ya shingo ya jogoo hayanunuliwi. Mwambie mama anayechinja kuku sokoni, atakupa na kukucheka.

Kuchonga

Kata kipande cha sentimita nane kwa mbili kwa mbili, nyuzi za mti zikifuata urefu. Chora mstari wa katikati pande zote nne kabla ya kuanza. Mstari huo ndio utakaokuokoa, kwa sababu chambo kilichopinda kinaelea kikiegemea upande mmoja. Mbele ibaki nene, ukubwa wa ubao wenyewe. Kuanzia katikati kwenda mkiani punguza kidogo kidogo hadi unene wa kidole kidogo. Usichonge ukielekeza kisu kwenye kidole gumba, na usitoe vipande vikubwa. Msonobari ukiukasirikia unapasuka kufuata nyuzi zake.

Sasa uso. Hapa usiharakishe. Mbele ya chambo panatakiwa kuwe na shimo la duara, lenye kina cha milimita nne hivi, kingo zake kali. Shimo hilo ndilo linalomeza hewa na maji likitoa sauti ya “pop” unapokivuta. Anza kwa ncha ya kisu, ukizungusha, kisha funga msasa kwenye ncha ya kidole au kwenye kizibo cha chupa uendelee kusugua hadi pawe laini kabisa. Uso uelekee mbele na chini kidogo, yaani ukingo wa juu utangulie ule wa chini kwa milimita mbili. Kingo zikiwa butu, sauti inakuwa ya kusuasua. Shimo likiwa na kina kirefu sana, chambo kinakuwa kizito kuvuta na kinarusha maji mengi, jambo linalopendeza kwa mlobi lakini linamfukuza samaki kwenye maji tulivu.

Geuza tumbo juu. Kwa msumeno mwembamba pasua mfereji kwenye mstari wa katikati, toka usoni hadi mkiani, kina chake kifike katikati ya mwili. Kunja waya: kitanzi kimoja mbele katikati ya shimo la uso, kitanzi kimoja nyuma. Baadhi ya watu wanaweka kitanzi cha tatu tumboni kwa ajili ya ndoano ya pili. Mimi siweki. Kando ya matete ndoano ya tumboni inaokota majani kila mara. Laza waya, jaza mfereji kwa Araldite iliyochanganywa na unga wa mbao wa msumeno, acha usiku kucha. Kwa kuwa waya ni mmoja toka mwanzo hadi mwisho, hata mbao ikivunjika samaki bado umemshika.

Kesho yake sugua, paka verni mara moja, iache ikauke. Sasa lete beseni la maji.

Beseni

Funga ndoano na pete mahali pake. Chukua kipande cha risasi cha gramu tatu hivi, kibane chini ya mkia kwa elastiki, weka chambo majini. Unataka kikae mkia chini, kichwa juu, kama theluthi moja tu ya mwili ikiwa nje, na shimo la uso liwe nusu ndani ya maji na nusu nje. Kikilala bapa, sogeza risasi nyuma au ongeza. Kikisimama wima kama mtu, risasi ni nyingi au iko nyuma mno. Kikiegemea ubavu, mstari wako wa katikati ulipotea wakati wa kuchonga. Piga msasa ubavu mzito hadi kisimame sawa.

Baada ya hapo kisukume kwa kidole kizame, kisha kiachie. Kinapaswa kurudi juu, kitikisike mara mbili tatu, kitulie. Huko kutikisika ndiko makobo anakoangalia akiwa chini. Rudia kupima hadi upende unachokiona. Chambo kinachokaa vibaya kwenye beseni hakitakaa vizuri Luapula.

Ukiridhika, toboa mahali risasi ilipokuwa, iingize, ziba kwa Araldite, sugua. Rangi isikusumbue sana. Tumbo liwe jeupe au manjano hafifu kwa sababu ndilo samaki analoliona akitazama juu. Mgongo pakia unavyopenda, maana huo unauona wewe peke yako. Paka verni mara tatu, kila mara ikauke kabisa, na usisahau ndani ya shimo la uso. Maji yakipata njia, mbao inavimba na kazi yote ya beseni imepotea.

Manyoya yafunge kwenye shina la ndoano ya nyuma kwa uzi, yapite ndoano kwa sentimita mbili tu. Chambo kikiwa kimetulia, manyoya yanaendelea kupumua ndani ya maji.

Fimbo, nailoni, fundo

Fimbo ya mita mbili, yenye ncha laini kiasi, na mulineti (kile chombo cha kuzungushia nailoni) ya kawaida inatosha. Nailoni iwe ya milimita 0.30 hadi 0.35. Uzi wa kusuka pia ni mzuri kwa sababu unaelea, ila mbele yake funga nailoni ya nusu mita ili usijiviringe kwenye ndoano. Epuka uzi wa fluorokaboni: inazama, na ikizama inavuta pua ya chambo chini. Asiye na mulineti azungushe nailoni kwenye kopo la maziwa, arushe kwa mkono na avute kwa kiganja. Watoto wa kando ya mto wanafanya hivyo siku zote, na chambo cha gramu kumi na tano kinakwenda mbali kuliko unavyodhani.

Usikaze fundo kwenye kitanzi cha chambo. Funga fundo la kitanzi ili chambo kicheze chenyewe. Piga fundo moja legevu sentimita kumi na tano toka mwisho wa nailoni. Pitisha ncha kwenye kitanzi cha waya, irudishe ndani ya lile fundo legevu kwa upande ule ule ilikotokea. Izungushe mara nne kwenye nailoni kuu, irudishe tena ndani ya fundo legevu, lowesha kwa mate, kaza polepole. Kitabaki kitanzi kidogo wazi mbele ya chambo.

Luapula kuna pia manda, samaki wa meno marefu ambaye anakata nailoni kama hakuna kitu. Ukimwona akiruka eneo hilo, weka waya mwembamba wa sentimita ishirini mbele ya chambo, kisha rudi kwenye maji uhakikishe pua haizami.

Wapi na lini

Kutoka Lubumbashi, Kasenga iko zaidi ya kilomita 200, ukingoni mwa Luapula, ng'ambo ni Zambia. Upande wa Likasi kuna Tshangalele, ziwa lililotokana na bwawa la Mwadingusha kwenye mto Lufira. Huko samaki wapo, lakini kula ni suala jingine: watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamekuta madini mazito ndani ya samaki wa ziwa hilo, kwani maji ya viwanda vya Likasi yanaishia humo. Mimi huko naloba na kuachia. Mto Lubumbashi wenyewe, unaopita mjini, usiusumbukie hata kidogo.

Miezi mizuri ni Septemba, Oktoba na mwanzo wa Novemba. Joto limepanda, maji yako chini na bado ni meupe, na samaki wanasogea pembeni. Juni na Julai baridi ya Katanga inawalaza chini. Utarusha hadi bega liume. Mvua ikishakolea maji yanakuwa ya udongo, na samaki asiyeona juu hawezi kupiga kitu cha juu. Katika siku yenyewe, saa nzuri ni jua linapotoka na linapozama. Mchana wa mawingu mazito bila upepo nao unafaa.

Tafuta kona. Makobo hakai popote tu kando ya matete. Anakaa pale matete yanapoingia ndani na kuacha kijighuba, pale gogo lililoanguka linapokutana na majani, pale mfereji mdogo unapomwaga maji mtoni. Ukiona dagaa wadogo wanaruka kwa mpigo mmoja, usiulize tena.

Kurusha, na kunyamaza

Mtumbwi usimamishe mbali, nawe rusha ukiwa umeketi. Kasia likigonga ubavu wa mtumbwi, kijighuba hicho kimekwisha kwa nusu saa. Rusha mita mbili kupita pale unapodhani samaki yupo, na ukiweza rusha sambamba na ukingo wa matete, ili chambo kisafiri muda wote ndani ya eneo lake badala ya kulikatiza mara moja.

Chambo kimetua. Sasa usifanye kitu. Miduara ya maji itatanuka. Ngoja ya mwisho ipotee kabisa. Wengi wanashindwa hapa, mkono unawasha. Kumbuka kuwa samaki aliyeshtuka alipoona kitu kinaanguka amesogea pembeni kidogo na sasa anakitazama.

Ncha ya fimbo ishushe karibu na maji. Vuta kwa kifundo cha mkono tu, sentimita ishirini, haraka, kisha legeza nailoni mara moja. Ukisikia “pop” moja nene, umepatia. Ukivuta na kuendelea kukaza, chambo kitateleza mbele kama mtu anayekimbia deni, na manyoya hayatapata nafasi ya kufunguka. Legeza. Ngoja miduara ipotee tena. Vuta mara mbili fupi. Ngoja. Badili mpangilio hadi wakuambie wenyewe wanataka upi siku hiyo: asubuhi ya baridi mapumziko marefu, jioni ya joto mafupi. Maji yakiwa kioo, punguza sauti hadi iwe mnong'ono. Upepo ukileta viwimbi, piga kwa nguvu, vinginevyo hasikii.

Kuna chambo cha aina nyingine kisicho na shimo usoni, kirefu, ambacho Wamarekani wanakikokota kwa zigizaga kushoto na kulia. Zara Spook ya Heddon ndiyo maarufu kuliko zote. Unaweza kukichonga kwa ubao huo huo, lakini kinataka maji wazi na kazi isiyokoma ya kifundo cha mkono. Kwa makobo aliyejificha ndani ya majani, mimi nachagua chenye shimo.

Anapopiga

Maji yatapasuka na moyo utaruka. Usivute. Macho yanaona mpasuko kabla samaki hajafunga mdomo, na ukivuta hapo unamnyang'anya. Subiri uhisi uzito kwenye fimbo, kisha fagia kwa ubavu, sio juu: ukikosa, chambo kinabaki majini badala ya kuruka usoni kwako na ndoano zake.

Amepiga na kukosa? Kiache pale pale. Hesabu polepole hadi tano, kitikise kidogo tu bila kukisogeza. Mara nyingi anarudi, kwa kuwa anaamini amekijeruhi. Asiporudi, rusha hapo hapo mnyoo kwenye ndoano tupu isiyo na risasi, uache uzame wenyewe.

Akishanasa, mtoe kwenye majani upesi, fimbo ikiwa imelala kwa upande. Mshike kwa mkono uliolowa. Ndoano itoe kwa pinsi (koleo), usitumie vidole. Samaki akijipinda, matawi yaliyobaki yanaingia kwako. Mwezi wa Oktoba angalia mdomoni mwake. Makobo jike anabeba mayai na watoto mdomoni, na akiwa hivyo kwa kawaida hali, lakini wengine wanapiga chambo kwa kukifukuza tu. Ukiona mayai au vitoto, mrudishe hapo hapo, bila picha.

Usalama na sheria

Luapula na Lufira zina mamba, na viboko pia. Usiingie majini kufuata chambo kilichonasa. Katika yote niliyoandika, hili halina mjadala. Chambo ni ubao wa paleti. Maji ya pembeni yaliyotulia yana pia kichocho, kwa hiyo hata kusimama ndani hadi magotini ukirusha ni kujitafutia ugonjwa. Kwenye mtumbwi vaa jaketi la kuokolea.

Wakati wa mvua uvuvi unafungwa. Zambia inafunga kuanzia 1 Desemba hadi mwisho wa Februari. Upande wetu tangazo linatoka kwa wakuu wa mkoa, nawe muulize chifu wa mahali na watu wa mazingira kabla ya kufunga mzigo. Ukifika kijijini, anza kwa kuwasalimu wazee wa ufukweni na kuwaeleza unachotaka kuloba. Mzee mwenye nyavu zake pale anajua kijighuba kipi kina makobo, na akikuona unamheshimu atakuonyesha, au atamtuma kijana wake akupeleke. Usirushe chambo juu ya nyavu za mtu.

Ukirudi nyumbani, osha vyambo kwa maji safi, vianike kivulini, angalia verni. Palipokwaruzwa na meno paka rangi ya kucha siku hiyo hiyo. Ndoano zilizopinda usizinyooshe, nunua nyingine. Na kile ambacho samaki wamekipenda kuliko vingine, kipime kwa rula na uandike vipimo vyake ukutani juu ya meza yako ya kuchongea, kwa sababu siku moja kitabaki kwenye gogo la Luapula na itabidi uchonge kingine.